Sarafu ya Mwisho na Kanuni ya Mfuatano

Katika mwalo wa Mwigobero, ufukweni mwa Ziwa Victoria mjini Musoma, ambako malipo madogo bado hukamilishwa kwa chenji, sarafu za shilingi 50, 100 na 200 hubeba swali zuri la hesabu: kiasi fulani kinaweza kulipwa kwa njia ngapi, iwapo 50 kisha 100 huhesabiwa tofauti na 100 kisha 50? Shilingi 50 ina njia 1, 100 ina 2, 150 ina 3, na kiasi kikizidi kuongezwa 50 hupatikana mfuatano 1, 2, 3, 6, 10, 18, 31, 55.

Kanuni rejeshi, yaani ile inayoijenga kila namba kutokana na zilizoitangulia, hutafutwa kwa kukisia umbo lake kwanza. Hudhaniwa, kwa mfano, kuwa kila namba ni jumla ya nne zilizo nyuma yake, kila moja ikiwa na kizidisho chake kisichobadilika. Na kwa kuwa vizidisho visivyojulikana ni vinne, huhitajika milinganyo minne, ambayo namba nane za mwanzo zinatosha kuiunda. Mlinganyo wa kwanza huunganisha 10 na 6, 3, 2 na 1, na mingine hufuata vivyo hivyo. Ikikokotolewa, vizidisho hutoka 1, 1, 0 na 1, hivyo 55 ni 31 + 18 + 6. Mwaka 1969 James Massey alionyesha kwamba utaratibu wa Elwyn Berlekamp, uliobuniwa kwa ajili ya kusahihisha makosa katika mawasiliano, huipata kanuni fupi kuliko zote za aina hii.

Hata hivyo, kulingana kwa namba chache si uthibitisho. Nukta za duara zikiunganishwa zote kwa mistari, vipande vya duara huwa 1, 2, 4, 8, 16, na anayedhani vinaongezeka maradufu hukwama kwenye nukta ya sita, ambayo hutoa vipande visivyozidi 31.

Uthibitisho wa sarafu hutokana na sarafu ya mwisho: ikiwa ni 50, zilizotangulia zimelipa kiasi pungufu kwa hatua moja, ikiwa ni 100, kwa hatua mbili, ikiwa ni 200, kwa hatua nne, na hakuna njia nyingine. Kwa hiyo shilingi 450 ina njia 96, na 500 ina 169. Sarafu ya shilingi 500, iliyoanza kutumika mwaka 2014, huongeza njia moja hapo, kisha huidai kanuni itazame pia hatua kumi nyuma, na shilingi 550 hulipwa kwa njia 170 + 96 + 31 + 1, yaani 298.