Je, Wajua? Binti wa kifalme aliyekataa kiti cha enzi

Bernice Pauahi alizaliwa Honolulu, Hawaii, mwaka 1831. Alikuwa kitukuu wa Kamehameha wa Kwanza, mfalme aliyeviunganisha visiwa hivyo. Kwa desturi ya machifu wa huko, mtoto angeweza kulelewa na jamaa kama mwanawe wa kumzaa. Ndivyo Pauahi alivyolelewa na Kinau, binti wa mfalme huyo, hadi Kinau alipofariki mwaka 1839. Nao wazazi wa Pauahi, Paki na Konia, walimlea Liliuokalani, aliyekuja kuwa malkia wa mwisho wa Hawaii.

Wazazi walitaka aolewe na mwanamfalme Lot. Pauahi akamchagua Mmarekani, Charles Reed Bishop, wakaoana mwaka 1850. Desemba 1872 Lot, sasa Mfalme Kamehameha wa Tano, akiwa mahututi, alimwomba amrithi. Alikataa! Kwangu, uamuzi huo unastahili heshima kuliko taji lenyewe.

Hakujaliwa watoto. Mwaka 1883 alirithi ardhi kubwa ya binamu yake, Ruth Keelikolani. Mwaka uliofuata akafariki, akiwa ameusia mali yake ijenge shule. Shule za Kamehameha zilifunguliwa mwaka 1887, na bado zinasomesha watoto wa Kihawaii.