Ng'ombe Aliyekwama Kompyutani

Wapo wanaoshikilia kwamba Kiswahili na kompyuta havipikiki chungu kimoja. Nusura niwape ushahidi.

Niliwaandikia wanafunzi wangu programu ya mistari mitatu tu ya kutafutia mambo kwenye intaneti. Mwanafunzi huandika jina la programu, akafuatisha anachokitafuta. Programu hugeuza kila nafasi kuwa alama ya kujumlisha, ikayaambatanisha maneno hayo na anwani ya mtambo wa kutafuta, na majibu yakajitokeza.

Mambo yalikwenda vyema hadi msichana mmoja alipoandika ng'ombe. Kompyuta haikukataa wala haikujibu, ilingoja tu.

"Mwalimu, haijui Kiswahili," akasema. Darasa likaangua kicheko.

Kicheko kile kiliniuma, kwani hakikuwa cha haki. Bash, ambayo Brian Fox alianza kuiandika katika miaka ya 1980, huichukulia ritifaa kuwa mwanzo wa nukuu, nayo hungoja ritifaa ya pili ya kuifunga. Mwingereza aandikaye don't hunaswa vivyo hivyo. Kosa lilikuwa langu: mimi, mwalimu wa Kiswahili, niliijaribu programu yangu kwa maneno ya Kiingereza matupu!

Tungeweza kulitia neno ndani ya alama za mtajo, lakini nani atakumbuka kila mara? Tuliona heri programu iulize kwanza, kisha isome jibu kama lilivyo. Msichana yuleyule ndiye aliyeliandika swali lenyewe: "Watafuta nini?" Akajibu ng'ombe, kisha ng'ambo, kisha king'ang'anizi.