Mchango wa ulinzi kijijini: nani anaupanga, nani anaukusanya, na wewe una sauti gani?

Mavuno yakishaingia ghalani, kero ya wizi nayo huanza. Mara ng'ombe wameswagwa usiku, mara betri ya sola imefunguliwa juu ya paa, mara pikipiki ya bodaboda imepotea mlangoni. Hapo ndipo uongozi wa kijiji unapopita nyumba kwa nyumba kuomba mchango wa ulinzi, na hapo ndipo malalamiko nayo yanapoanza kuja kwetu redioni.

Katika vijiji vingi vya Kanda ya Ziwa, suala hili linawagawa majirani. Wapo wanaosema bila mchango hakuna ulinzi, na anayekataa kulipa analala salama kwa jasho la wenzake. Wapo wanaosema wanalipa kila mwezi lakini walinzi hawaonekani. Wajane na wazee wanauliza kama nao wanapaswa kutoa sawa na mwenye ng'ombe 50. Na wapo waliochukuliwa kuku, jembe au baiskeli kwa sababu hawakuwa na hela siku mkusanyaji alipopita.

Msikilizaji, tuchambue jambo hili hatua kwa hatua: ulinzi wa wananchi ulitoka wapi, sheria inampa nani mamlaka, na wewe unawezaje kusema jambo likasikilizwa.

Sungusungu walianzaje?

Ulinzi wa wananchi katika kanda yetu una historia ndefu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe na ujambazi wa kutumia silaha ulikuwa umeshamiri katika maeneo ya Shinyanga na Tabora. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 hadi 1979 vilikuwa vimekwisha, na baadhi ya silaha zilikuwa zimebaki mikononi mwa watu. Polisi walikuwa wachache na vituo viko mbali. Wasukuma na Wanyamwezi wakaunda vikundi vyao vya upinde na mshale, vyenye viongozi wao na taratibu zao. Mwano ukipigwa, kila mwanamume alitakiwa kutoka na kufuata nyayo za mifugo.

Vikundi hivyo vilisaidia sana kupunguza wizi, na Serikali ikaviunga mkono. Mwaka 1989 sheria za mgambo zilirekebishwa ili kuvitambua. Miaka ya baadaye Jeshi la Polisi likaja na mpango wa polisi jamii, na ndipo neno ulinzi shirikishi likazoeleka hadi mijini.

Lakini historia hiyo ina upande mwingine ambao wazee wetu wanaukumbuka. Baadhi ya vikundi viliwapiga watuhumiwa, vikawatoza faini nzito za mifugo, au vikawafukuza watu kijijini. Vilihusika pia kuwasaka watu, hasa kina mama wazee, waliodhaniwa kuwa wachawi. Kwa hiyo tunapouliza nani anamsimamia mlinzi, hatuwavunji moyo vijana wanaokesha. Ni swali ambalo kanda hii ina sababu ya kuliuliza.

Nani ana mamlaka ya kupanga mchango?

Watu wengi wanadhani anayepanga ni mwenyekiti au mtendaji. Sivyo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaweka ngazi mbili ambazo kila mkazi anapaswa kuzielewa.

Ya kwanza ni Mkutano Mkuu wa Kijiji. Huu ndio wenye mamlaka ya juu kuhusu sera na mambo ya jumla ya kijiji. Wajumbe wake ni wakazi wote wa kijiji wenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Hapa hakuna cha mzaliwa wala mhamiaji. Mfugaji aliyehamia, mwanamke aliyeolewa kijijini na kijana anayepanga chumba senta, wote ni wajumbe mradi wanaishi hapo.

Ya pili ni Halmashauri ya Kijiji, ambayo ndiyo serikali yenyewe ya kijiji. Ina wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, wakiwemo mwenyekiti wa kijiji na wenyeviti wa vitongoji. Mtendaji wa kijiji ni mwajiriwa, na ndiye katibu. Halmashauri hii hugawana kazi katika kamati, na mojawapo ni kamati ya ulinzi na usalama.

Kwa lugha rahisi, halmashauri inapendekeza na kutekeleza, nanyi mkutanoni mnajadili na kuamua. Mchango uliopangwa na watu watano chini ya mti, ambao haujawahi kufikishwa kwenye mkutano mkuu, unakosa msingi huo.

Na kama kijiji kinataka mchango uwe lazima na uwe na adhabu kwa asiyelipa, inahitajika sheria ndogo ya kijiji. Halmashauri ya kijiji inaandaa rasimu, wananchi wanaijadili mkutanoni, kisha inapelekwa Halmashauri ya Wilaya kuidhinishwa. Kabla ya kuidhinishwa, bado ni pendekezo tu.

Tupige hesabu pamoja

Ugomvi mwingi wa mchango unatokana na hesabu ambayo haijawekwa mezani. Tuchukue mfano wa kijiji chenye kaya 400.

Wakikubaliana kila kaya itoe shilingi 1,000 kwa mwezi, na wote wakalipa, zitapatikana shilingi 400,000. Wakiajiri walinzi wanne kwa shilingi 80,000 kila mmoja, hiyo ni 320,000. Zinabaki 80,000 za tochi, betri, filimbi na makoti ya mvua. Hesabu inakaa sawa.

Sasa tuseme waliolipa ni kaya 250. Zimepatikana shilingi 250,000, wakati mishahara peke yake ni 320,000. Pengo ni shilingi 70,000. Mwezi wa kwanza walinzi wanavumilia, mwezi wa pili mmoja anaacha, mwezi wa tatu mnasikia ng'ombe wameibwa. Aliyelipa anasema hela zake zimeliwa. Aliyekataa kulipa anasema aliona mapema kwamba ulinzi haupo. Kumbe inawezekana hakuna aliyekula hela. Hela hazikutosha, na hakuna aliyewaambia wananchi.

Ipo njia nyingine, nayo ni zamu. Katika hizo kaya 400, tuseme kaya 80 zinasamehewa kwa sababu ni za wazee, wagonjwa, wajane wenye watoto wadogo au watu wenye ulemavu. Zinabaki kaya 320. Mkilinda watu wanane kila usiku, kila kaya inapata zamu moja katika siku 40. Kwa mwaka ni kama mara tisa. Asiyeweza kukesha, kama mwalimu au mwenye duka, anaweza kuchangia fedha badala ya zamu.

Hakuna njia isiyo na kasoro. Zamu inachosha wakati wa kulima, na mchango wa fedha unamuumiza asiye na kipato cha kila mwezi. Ndiyo maana vijiji vingine vinafikiria kukusanya mara moja baada ya mavuno, wakati kila mtu ana chochote. Linaloleta amani ni wananchi wenyewe kuchagua njia wakiwa wameiona hesabu.

Asiyelipa afanywe nini?

Hapa tuwe wazi. Mlinzi au mkusanyaji hana mamlaka ya kuingia nyumbani kwa mtu na kubeba kuku, godoro au baiskeli kwa sababu hajalipa. Katiba ya Jamhuri ya Muungano inatambua haki ya kila mtu kumiliki mali na mali hiyo kulindwa kwa mujibu wa sheria. Kama ipo sheria ndogo iliyoidhinishwa na mtu ameivunja, anapelekwa kunakohusika kisheria, na adhabu hutolewa huko. Adhabu haitolewi mlangoni saa mbili usiku.

Pia mtu hapaswi kunyimwa msaada kwa sababu anadaiwa mchango. Nyumba ya jirani ikivamiwa, ukakaa kimya kwa kuwa hana stakabadhi, mwizi yule kesho yuko kwako. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji.

Na stakabadhi yenyewe ni haki yako. Ukitoa fedha yoyote kwa ajili ya kijiji, dai stakabadhi, hata kama ni shilingi 500. Jina kuandikwa kwenye daftari la shule halitoshi, maana daftari linaweza kupotea na mkusanyaji anaweza kuhama. Ukiombwa rushwa au ukiwa na ushahidi kwamba fedha zimeliwa, namba ya TAKUKURU ni 113 na kupiga ni bure.

Mtuhumiwa akikamatwa

Sheria inamruhusu mwananchi kumkamata mtu anayetenda kosa kubwa mbele yake. Lakini ruhusa hiyo ina mwisho. Kazi yako ni kumkabidhi polisi bila kuchelewa, au kumfikisha kwa uongozi ili polisi waitwe. Namba ya dharura ya polisi ni 112.

Kumpiga, kumfunga kamba usiku kucha, kumtoza faini papo hapo au kumchoma moto si ulinzi. Hayo ni makosa ya jinai, na vijana waliotoka kwa nia njema hujikuta wao ndio wako mahabusu. Ibara ya 13 ya Katiba inasema mtu asitendewe kama mwenye kosa mpaka ithibitike kwamba anayo hatia, na inakataza mateso na adhabu za kudhalilisha. Kuna sababu nyingine pia. Mtuhumiwa akiuawa, hamtajua kamwe alikuwa anamuuzia nani ng'ombe wenu. Mtandao unabaki, na wizi unaendelea.

Vilevile kama mtuhumiwa ni mtoto, au mtoto ndiye aliyefanyiwa ukatili, ipo namba ya huduma kwa mtoto, 116.

Namna ya kutoa maoni yakasikika

Wengi mnasema tatizo si kukosa maoni, tatizo ni kwamba mkutano hauitwi, au ukiitwa wanaongea wale wale. Zingatia mambo haya.

Moja, Mkutano Mkuu wa Kijiji unatakiwa ufanyike kila baada ya miezi mitatu, yaani mara nne kwa mwaka. Humo ndimo mapato na matumizi ya kijiji husomwa. Miezi mitatu ikipita kimya, mnayo haki ya kuuliza.

Mbili, ulizeni kwa maandishi. Wananchi kumi wakiandika barua kwa mtendaji wa kijiji, wakaweka tarehe na sahihi na kubaki na nakala, ni vigumu kusema hawakuuliza. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa mamlaka za umma, na inatoa siku 30 za kujibiwa.

Tatu, barua ikikosa jibu, panda ngazi. Kutoka kijijini nenda kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mkurugenzi wa halmashauri au ofisi ya mkuu wa wilaya. Diwani wenu naye mshirikisheni. Kuruka ngazi mara nyingi kunawarudisha mlikotoka.

Nne, anzieni kwenye kitongoji. Mama ambaye anaona haya kusimama mbele ya watu 300 anaweza kusema vizuri kwenye kikao cha kaya 60. Mwenyekiti wa kitongoji ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji, hivyo hoja hiyo ina njia ya kufika juu.

Tano, njoo na swali lenye jibu. Ukisema viongozi wote ni wezi, watu watapiga makofi na kikao kitaisha. Ukiuliza mwezi uliopita zimekusanywa shilingi ngapi, kutoka kaya ngapi, na zimelipa walinzi wangapi, lazima mtu afungue daftari. Na hakikisha maamuzi yanaandikwa kwenye muhtasari.

Viongozi wa vijiji na vitongoji walichaguliwa Novemba 27, 2024, na kipindi chao ni miaka mitano. Hakuna haja ya kusubiri uchaguzi mwingine ndipo useme, kwa sababu mkutano mkuu upo katikati ya miaka hiyo, na sheria imeuweka juu ya mwenyekiti na mtendaji.

Kwa hiyo mkusanyaji akipita wiki hii, muulize mambo matatu kwa heshima: mchango huu ulipitishwa mkutano wa tarehe ngapi, stakabadhi yangu iko wapi, na matumizi yatasomwa lini. Akiwa na majibu, lipa na mshukuru, maana anafanya kazi ngumu. Asipokuwa nayo, usigombane naye njiani. Chukua maswali yako upeleke mkutanoni, na mwite jirani yako mwende pamoja.