Mawimbi ya simu hayajui mpaka

MAMA mmoja anayeuza sambaza hapa Kamembe alinifuata shuleni akiwa amefura. Alitaka kujua kwa nini salio lake lilikwisha kwa mazungumzo mafupi tu, ilhali aliyempigia alikuwa Kamembe hii hii. Aliamini ameibiwa.

Nilipoitazama simu yake, niliona jina la mtandao wa Kongo. Yeye hakuvuka mto Rusizi, lakini simu yake ilikuwa imevuka.

Kisa hicho nilikipeleka darasani. Mfumo wowote wa mawasiliano ya kielektroniki una mambo matatu ya msingi: mtambo wa kurusha, njia na mtambo wa kupokea. Simu hugeuza sauti kuwa umeme, kisha kuwa tarakimu, na kuzipakia juu ya wimbi la redio kama mzigo juu ya gari. Wimbi hilo husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, na simu ya pili huushusha mzigo.

Mawimbi hayo hudhoofishwa na vilima. Nyumba inayotazama ziwa inaweza kukingwa na kilima isipate mnara wa Rwanda, lakini ikaupata vizuri mnara wa Bukavu, kwa kuwa juu ya maji ya Kivu hakuna kizuizi.

Kila mnara hutangaza pia namba ya nchi yake: 635 ni Rwanda, 630 ni Kongo. Simu hutafuta kwanza mtandao wake wa nyumbani. Ikiukosa, hushika wa jirani unaoruhusiwa, na huweza kubaki huko hata wa nyumbani unaporejea. Hapo mtumiaji hutozwa kama msafiri aliye ugenini, ingawa ameketi sebuleni kwake.

Dawa yake si ngumu. Kabla ya kupiga, soma jina la mtandao kwenye kioo. Ukikuta la ng'ambo, ingia kwenye mipangilio, uizuie simu kujichagulia mtandao, kisha uteue wako mwenyewe. Unaweza pia kuzima huduma ya ugenini hadi utakaposafiri.

Wanafunzi wangu walimrekebishia mama huyo simu kwa dakika chache. Fedha zilizokwisha hazikurudi.

Tumezoea kufundisha mawimbi ili yajibiwe kwenye mtihani. Kwetu sisi wa mpakani, somo hilo ni la sokoni pia, na asiyelijua hulilipia.