Shoti Ndefu katika Filamu za Kijasusi na Sauti ya Msimulizi wa Kibanda cha Video

Shoti ndefu ni ile inayoendelea kwa muda mrefu bila mkato. Katika filamu za kijasusi, dhima yake kuu ni kujenga taharuki, kwani mtazamaji hulazimika kupita kila hatua pamoja na jasusi. Filamu ya Spectre (2015), iliyoongozwa na Sam Mendes, huanza kwa shoti ya takribani dakika 4 jijini Mexico City. Kamera humfuata James Bond kutoka kwenye maandamano ya Siku ya Wafu, kupitia hotelini, hadi juu ya mapaa anakojiandaa kulenga shabaha. Mazungumzo ni machache mno. Vipande kadhaa vimeunganishwa kidijiti ili vionekane kuwa kimoja.

Athari hiyo hubadilika filamu inapopewa msimulizi, mtindo uliompa Lufufu umaarufu nchini Tanzania. Msimulizi hutafsiri mazungumzo na hujaza kimya kwa kueleza, kutania na kutabiri. Akitangaza mapema kuwa Bond anakwenda kuua, swali la mtazamaji hugeuka kutoka “nini kitatokea?” na kuwa “kitatokea lini?” Picha haijakatwa, ila sauti imekwisha kuigawa.

Hivyo basi, mtafiti wa vibanda vya video vya Bukoba na Muleba anayehesabu mikato ya picha pekee atakuwa amepima filamu iliyotengenezwa, si iliyotazamwa. Hana budi kunukuu pia sauti ya msimulizi na kubainisha lugha yake, kwa kuwa Kagera inapakana na Uganda, ambako filamu husimuliwa kwa Kiganda.