Nyama ya kongelateri: tuikate mbele ya kuigandisha

Mara nyingi tunaona nyama ya mbuzi ao ya nguruwe inatiwa mu kongelateri ikiwa vipande vikubwa. Muteja anakuja kutafuta kilo moja, munayeyusha kilo tano mezani. Zile ine zenye kubaki, mukizigandisha tena, ni hatari: vijidudu vimekwisha kuzaana ndani. Baridi haiviui, inavilaza tu.

Juu ya ile, wandugu wa koperative, tugawanye nyama ingali mbichi.

Kwanza, osheni mikono, visu na ubao kwa sabuni. Matumbo na maini muuzishe siku ileile. Nyama ikishapoa, kateni vifungu vya nusu kilo ao kilo moja, sawa vile wateja wanavyoomba. Kila kifungu mukitie mu sashe safi, mutoshe hewa, mufunge. Kiwe bapa, unene wa vidole viwili: kitaganda mbio mpaka katikati. Andikeni tarehe, yenye kuingia kwanza ndiyo itatoka kwanza.

Kongelateri inapashwa kubakia −18°C. Musijaze nyama nyingi ya vuguvugu mara moja.

Na umeme ukikatika? Musifungue. Kongelateri yenye kujaa inalinda baridi karibu masaa 48. Ya nusu, karibu 24.

Wekeni ndani kikombe cha maji. Yakishaganda, tieni kajiwe juu. Siku mutakuta kajiwe kamezama, mujue nyama iliyeyuka ikaganda tena: musiiuzishe, wala musiipeleke nyumbani.