Mcheza Kwao Hutuzwa, na Aliyempanga Je?

Mtu akienda kutazama mchezo wa kuigiza hurejea nyumbani na majina mawili matatu mdomoni: fulani aliyelia hata akawaliza watu, na fulani aliyewachekesha wakashika mbavu. Ni nadra kumsikia akimtaja mwelekezi, yule aliyewafundisha wachezaji pa kusimama na pa kunyamaza. Wala hamtaji mtayarishaji, aliyekodi ukumbi, akanunua nguo na kuhangaikia kibali.

Kwetu pwani jambo hili si geni. Usiku wa maulidi watoto wa chuo hukaa safu safu, wakaitikia kasida kwa sauti moja na kuinama kwa pamoja kama mtende upepeao. Mgeni husema, "Mashaallah, watoto hodari!" Mwenyeji anajua kuwa nyuma yao yupo mwalimu aliyewasomesha kwa miezi, na yupo mzee aliyetoa mchele na mbuzi. Mwalimu huyo ndiye mwelekezi, na mzee huyo ndiye mtayarishaji. Majina tu ndiyo mageni.

Nayasema haya kwa sababu wako vijana wa hapa Malindi wanaotaka kumtia Mekatilili wa Menza jukwaani, nao walinijia kuniomba niwaangalilie lugha. Kisa wamekipata. Mwaka 1913 serikali ya Kiingereza ilipowataka Wagiriama kodi na vijana wa kwenda kufanya kazi za watu, mama huyu mjane alizunguka nchi akiwakataza. Alikamatwa mwaka huo huo pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, huko magharibi kabisa. Mwaka 1914 walitoroka wakarudi kwao kwa miguu. Mwezi wa Agosti mwaka huo serikali ikaivunja Kaya Fungo kwa baruti, na vita vikawaka.

Ukikitazama vizuri kisa hiki utaona kuwa Mekatilili mwenyewe alikuwa mwelekezi. Hakuwaita watu kwa barua. Alicheza kifudu, ngoma ya matanga, kijiji hata kijiji. Watu wakaja kutazama ngoma, wakasikia na maneno. Wazee husimulia kwamba katika mkutano mmoja alileta kuku na vifaranga vyake, akamwambia bwana wa serikali ajaribu kuchukua kimoja. Kuku akamdonoa. Hapo palikuwa na mchezaji, palikuwa na watazamaji, na maana haikuhitaji mkalimani.

Basi kazi ya mwelekezi wa leo si nyepesi. Chukua mfano wa viapo. Mekatilili aliwafunga watu wake kwa viapo viwili, mukushekushe cha wanawake na fisi cha wanaume. Sisi Waislamu tuna imani yetu, nao wazee wa kaya wana mila yao, ila adabu ni ya wote. Mwelekezi akikifanya kiapo kuwa kichekesho amewatukana majirani zake. Akitaka kukionyesha chote, atakuwa anafichua mambo ambayo wenyewe huyasitiri. Mimi niliwashauri vijana waende kwanza kwa wenyewe, wakae mkekani, waulize lipi lionekane na lipi lisikike kwa mbali tu.

Mashaka makubwa zaidi yako kwa mtayarishaji. Vijana hawa walimpata mwenye hoteli mmoja aliyekuwa tayari kuwalipa, kwa sharti la kuukata mchezo uwe wa nusu saa, ngoma ziongezwe, na habari za kodi na baruti ziondolewe ili wageni wasiudhike wakati wa chakula. Wako waliotaka kukubali. Siwalaumu, maana njaa haina subira. Lakini Mekatilili asiye na neno la kukataa ni mwanamke mcheza ngoma tu, na wacheza ngoma mahotelini wako tele.

Tuna mifano ya kutuongoza. Mwaka 1977, huko Kamiriithu karibu na Limuru, Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii waliandika mchezo kwa Kikikuyu, na mwelekezi akawa Kimani Gecau. Wanakijiji walijenga jukwaa wenyewe, na mazoezi yakafanywa mbele ya watu. Mzee akiona neno halikukaa sawa, husema, na likarekebishwa. Mtayarishaji alikuwa kijiji kizima. Mwezi wa Novemba serikali ilifuta kibali, na mwisho wa mwaka Ngugi wa Thiong'o akatiwa kizuizini. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa.

Na karibu na nyumbani zaidi, Alamin Mazrui, mzaliwa wa Mombasa, alitoa Kilio cha Haki mwaka 1981. Humo yumo Lanina, mwanamke anayewaongoza wafanyakazi wa shamba kudai haki yao. Mwaka 1982 mwandishi huyo naye akatiwa kizuizini bila ya kuhukumiwa. Ebrahim Hussein wa Kilwa, katika Kinjeketile ya mwaka 1969, alishika njia nyingine: alieleza wazi kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni, hakulazimika kuwa sawasawa na yule wa vita vya Majimaji. Ni haki ya mtunzi kubuni, mradi aseme kuwa amebuni.

Kwa hivyo nawaambia vijana wetu: jukwaa la kwanza lisiwe la hoteli. Uchezeni mchezo mzima Magarini, alikozikwa mama huyo, chini ya mwembe, mbele ya wajukuu wa walioyaona. Wakisema ni kweli, basi mahali pengine popote mtaenda na kichwa juu. Nasi wenye maduka na mashamba tutoe tulicho nacho kama tutoavyo kwa maulidi na arusi, bila ya kushika mkasi. Hapa mjini sanamu ya Mekatilili imesimama bustanini tangu mwaka 2010. Ni nzuri, lakini sanamu haisemi. Atakayemsemesha ni mwelekezi, na atakayemnyamazisha tena anaweza kuwa yule aliyeshika mfuko.